Kura ya Kwanza ya Mama Watoto

Nisipojisifu mwenyewe, nani atanisifu? Nilisoma madarasa manne, na la nne sikulimaliza, lakini ingia nyumba yoyote ya Buyenzi, hapa Bujumbura, uulize mbabula ile ya makaa inayopikia bugali imetoka kwa nani. Watakuelekeza kwangu. Nilivuka mpaka wa Gatumba nikiwa kijana, natoka Uvira kule Kongo, nyundo moja mkononi na shati moja mwilini, nikakaa chini ya kibati cha kuazima nikigonga mapipa makukuu mpaka yawe vyombo. Leo nina karakana yangu na nyumba yenye baraza ya saruji, na bomba la maji liko ndani ya ua. Hakuna aliyenishika mkono. Hata Kirundi nilijifundisha mwenyewe kwa wateja, neno kwa neno, mpaka nikaweza kumkatalia mtu mkopo na akaondoka anashukuru.

Uraia nao niliutafuta mwenyewe. Wenzangu niliovuka nao waliridhika na kibali cha kukaa, kikiisha wanapanga mstari kukifanya upya. Mimi nilisema apana. Mtu anayekula hapa na atakayezikwa hapa anataka karatasi ya hapa. Niliandika barua. Yaani niliandikiwa, lakini maneno yalikuwa yangu. Ilikwenda ikapotea, nikaandika nyingine, na siku moja likaja jibu lenye kashe, yaani mihuri, mbili na sahihi ndefu kama mkia wa panya. Nikalitia kwenye fremu, kioo mbele, nikalitundika sebuleni juu ya redio.

Mbele ya karakana yangu anakaa fundi cherehani, Mrundi wa kuzaliwa, rafiki yangu na adui yangu wa kila siku. Alipoiona ile fremu alicheka mpaka akatafuta kiti.

"We Muzairwa," akaniambia, maana ndivyo wanavyotuita sisi wa Zaire, "watu wanatundika foto ya arusi. We unatundika barua ya serikali."

"Ya kwako iko wapi?"

"Mi sina haja ya barua. Mi nimezaliwa nao uraia wangu."

"Basi pole, huwezi kuutundika."

Akarudi kwenye cherehani yake, akaikanyaga kwa hasira mpaka jioni.

Mke wangu naye ni wa Uvira. Alivuka wakati vita ya kule ilipoanza, na huku kwetu vita ilikuwa haijaisha, kwa hiyo alikimbia risasi za ng'ambo akaja kusikiliza za huku. Alifikia kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka karakana. Wiki ya kwanza akaja kununua mbabula. Akaigeuza juu chini, akaisimamisha, akaigusa kwa kidole, akasema mguu mmoja ni mfupi. Hakuna mteja aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Nikapima mbele yake. Ulikuwa mfupi. Miezi mitatu baadaye shehe alitufungisha ndoa.

Mama yake alikataa kuvuka. Alikuwa na shamba lake la muhogo na kaburi la mume wake, akasema hivyo viwili haviwezi kupanda gari. Kutoka kwangu mpaka kwake ni safari ya asubuhi moja tu. Lakini katikati kuna Gatumba, na Gatumba kuna kizuizi, na miaka ile kizuizi kilikuwa na tabia zake. Kinaamka kimefunguliwa, kinakula cha mchana kimefungwa, na hakuna wa kukuambia sababu.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu mke wangu alivuka na kikaratasi cha siku moja kwenda kumwona mama yake. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ananyonya bado, akaniachia, eti jioni amerudi. Mchana kizuizi kikafungwa. Walipoanza tena kupitisha watu, walipitisha kwanza wenye karangamuntu, kile kitambulisho cha Mrundi. Wengine wakae pembeni. Yeye alikaa pembeni siku tisa, maziwa yanamuuma kifuani, na mimi huku namnywesha mtoto uji wa mchele kwa kijiko, nusu unaingia mdomoni na nusu kwenye shati langu.

Aliporudi hakulia. Alimbeba mtoto, akatazama fremu yangu pale juu ya redio.

"Baba watoto," akasema, "mi sikanyagi tena Gatumba mpaka nipate kama ile yako."

"Ile ya ukutani?"

"Ya ukutani baki nayo. Mi nataka ya mfukoni."

"Mwezi mmoja," nikamwambia. "Unaongea na mutu anayejua njia."

Njia nilikuwa naijua kweli, ila mwezi mmoja haukutosha. Ilichukua miaka, na miaka yote hiyo mke wangu hakumwona mama yake. Walisalimiana kwa watu waliovuka: huku tunatuma sabuni, kule unatoka unga wa muhogo na maneno. Kila mtu aliyekuja na unga, mke wangu alimkalisha chini, akamuuliza kama mama amekonda, na anatembeaje, na jino lile bado lipo.

Kikwazo cha kwanza nilikuwa nimekitengeneza mimi. Ofisini waliniambia sheria iko wazi, mwanamke aliyeolewa na Mrundi anaweza kuomba uraia kupitia kwa mume wake. Nikasema vizuri sana, Mrundi ndiye mimi, nikatoa nakala ya barua yangu. Wakataka cheti cha ndoa. Nikatoa karatasi ya shehe. Karani akaisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Muzee, hii mbele ya Mungu inatosha. Mbele ya komini, ofisi ya serikali, bado."

Nikarudi nyumbani na habari kuwa sisi, watu wenye watoto wawili, kwa serikali hatujaoana. Nilidhani mke wangu atakasirika. Alifunga kanga yake vizuri, akaanza kukunja nguo.

"Unaenda wapi?"

"Kwa shangazi. Kama mi sijaolewa, nafanya nini kwa mwanaume? Ukinitaka, tuma watu."

Nilifikiri ni mzaha. Alikaa kwa shangazi siku tatu, watoto amewachukua, na mimi nakula kwa fundi cherehani, ambaye alinitilia mchuzi na masimango katika sahani moja. Siku ya nne nikatuma watu. Ndiyo, mimi, mwenye karakana, nilituma wazee wawili na vitenge vipya kwenda kumposa mke wangu. Shangazi akawauliza kama kijana ana kazi.

Siku ya komini nilivaa suti aliyonishonea yule fundi, na mpaka leo anadai ndiyo iliyonipa mke. Watoto wetu walihudhuria arusi ya wazazi wao, mdogo anakula biskuti. Tulisimama mbele ya mukubwa wa komini, tukakamata bendera kwa mkono mmoja na kunyanyua mwingine, tukaapa. Mke wangu aliikamata ile bendera kwa nguvu mpaka karani akamwomba aiachie, kuna arusi nyingine inangoja.

Dosiye, lile faili la maombi yake, ikaenda mbele, akaitwa kuonekana ana kwa ana na mukubwa wa mambo ya uraia. Hapo nikaingiwa na hofu kidogo, kwa sababu ya lugha. Usije ukashangaa mtu amekaa Bujumbura miaka na Kirundi hakijui. Buyenzi unaweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa kwa Kiswahili. Bomba la maji ni Kiswahili, soko ni Kiswahili, hata ugomvi ni Kiswahili. Ila mwalimu nilikuwepo mimi, nikamfundisha njia ya mkato.

"Usijichokeshe na maneno mengi. Shika moja: *ego*. Maana yake ndiyo. Mukubwa akiuliza, inamisha kichwa kidogo, sema *ego*. Sijaona mukubwa aliyekasirika kwa kuambiwa ndiyo."

Tukaingia. Mukubwa alikuwa mzee wa miwani, mpole, sauti ya chini. Akamuuliza kwa Kirundi kama anakaa Buyenzi. *Ego*. Kama ana watoto. *Ego*. Kama huyu hapa ndiye bwana yake. *Ego*. Kichwa kinainama vizuri, mimi pembeni kifua kimejaa. Akamuuliza kama amewahi kufungwa gerezani. *Ego*. Kalamu ikasimama. Akamuuliza, sauti imeshuka zaidi, kama ana bwana mwingine mbali na huyu. *Ego*, na kichwa kikainama kwa adabu kuliko mara zote.

Mukubwa akavua miwani, akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili safi:

"Bwana, mko wangapi?"

Nilieleza, jasho linatoka. Mke wangu alipoelewa amekubali nini, alisahau tuko mbele ya serikali.

"Baba watoto! Umenifanya malaya mwenye jela!"

Yule mzee alicheka kwa mabega tu, bila sauti, machozi yakamtoka. Akamaliza maswali kwa Kiswahili, akaandika, akampa pole mke wangu, na mimi akanipa ushauri: fundi wa mbabula afundishe mbabula. Njiani mke wangu alitangulia mbele, akanigeukia kwenye geti.

"Hilo neno lako," akasema, "mi sitaki hata kulisikia."

Basi. Dosiye ikapanda, ikakaa huko juu, ikateremka. Mwaka ule vita ilikuwa inaelekea ukingoni, watu wanaanza tena kujenga uzio na kupaka rangi milango, na redio inazungumza katiba mpya asubuhi mpaka jioni. Watu watapiga kura waseme kama wanaitaka au hawaitaki. Siku chache kabla ya kufunga kuandikisha wapiga kura, karangamuntu ya mke wangu ikatoka. Foto yake humo inatisha, macho kama ya mtu aliyeshikwa anaiba, lakini alilala nayo chini ya mto. Kesho yake akaenda kujiandikisha akiwa mtu wa tatu kwenye mstari.

Wiki hiyohiyo alikuja mtu na unga kutoka ng'ambo, akasema mama mguu umevimba, shambani haendi tena, anakaa mlangoni na fimbo. Mke wangu alitaka kuondoka palepale. Nikamwomba angoje kura ipite, maana siku za kura mpaka unaweza kufungwa kwa chochote. Akakubali kwa taabu, akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

Siku ya kura tulikwenda pamoja, nimevaa ile suti. Tulipanga mstari kwenye shule ya jirani, fundi cherehani yuko mbele yetu watu wanne. Nilimweleza mke wangu kila kitu, kwa sauti, ili na wengine wafaidike: utapewa karatasi mbili na bahasha, unaingia nyuma ya pazia, unatia karatasi ya kukubali katika bahasha, nyingine unaitupa, unatoka, unatumbukiza. Akauliza chochote? Hakuuliza. Nikapiga ya kwangu, nikamngoja nje kwenye jua. Akatoka na kidole chake cha wino amekinyanyua kama mshumaa, anacheka meno yote.

"Nimewatilia oyee!"

"Umewatilia nini?"

"Oyee. Ile karatasi ya furaha. Moja iliandikwa lile neno lako la kunitia aibu, nikasema hili tena halinipati. Nyingine ikaandikwa *oya*. Nikaikumbuka mara moja, si ndiyo ile ya shuleni Uvira? Mugeni akija tunapangwa barabarani, tunapiga makofi: oyee, oyee!"

*Oya*, kwa Kirundi, ni hapana. Karatasi zilikuwa mbili tu, *ego* na *oya*, ndiyo na hapana, na mke wangu, Mrundi wa wiki tatu, mara ya kwanza kuulizwa neno na nchi yake mpya, ameijibu hapana. Na anacheka.

Fundi cherehani alikuwa amesikia. Alishika ukuta.

"Oyee, mama!" akapiga kelele. "Oyee, shemeji! Nyumba yako, Muzairwa, imegawanyika: we serikali, mama upinzani!"

Mimi sikucheka. Niliona Gatumba mbele ya macho. Niliona askari anashika karangamuntu mpya, anamtazama, anasema huyu ndiye yule tuliyempa uraia akatukatalia, na kizuizi kinashuka, mke wangu upande ule na mama yake mgonjwa, watoto upande huu, na safari hii si siku tisa. Nikarudi ndani ya shule. Msimamizi alikuwa mwalimu mmoja mwanamke, mwembamba, kalamu ndani ya nywele.

"Mama, samahani, mke wangu amekosea karatasi. Naomba tuibadilishe."

"Umejuaje alichotia?"

"Ameniambia."

"Na mimi unaniambia kwa nini? Kura ni siri, muzee. Toka kabla sijakuandika."

Nikatoka. Kufika nyumbani niliteremsha ile fremu, nikaifunika kwa gazeti, nikaiweka nyuma ya kabati. Sijui nilifikiri itanisaidia nini. Siku mbili sikugonga bati. Nyundo ikinyanyuka, nasikia kutoka ng'ambo ya barabara, "Oyee!" na cherehani inalia kwa furaha.

Mke wangu nilipomweleza maana ya lile neno, alishika mdomo. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaendelea kuchambua ndagala, dagaa wa ziwani.

Matokeo yalisomwa redioni mchana, tunakula. Katiba imepita, tena mbali. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

"Na za oya?" mke wangu akauliza.

"Oya imeshindwa."

"Sikuulizi kama imeshindwa. Nauliza kama walizihesabu."

"Walizihesabu. Amezisoma pale, hukusikia?"

"Na yangu ikiwa ndani?"

"Ikiwa ndani."

Akakata tonge la bugali, akalichovya taratibu.

"Basi we unaogopa nini? Ya kwako imeshinda, ya kwangu imeshindwa, zote wamezihesabu. Ningekuwa mugeni wangehesabu kosa langu?"

Nilinawa, nikaenda nyuma ya kabati kuichukua fremu yangu.

Kesho yake akafunga safari. Nilimsindikiza mpaka Gatumba, nimembebea sabuni, sukari na dawa ya mguu, nikamwambia nitamsemea kwa askari. Hakunipa nafasi. Alitoa karangamuntu kutoka kifuani, yule askari akatazama foto, akatazama uso, akacheka kidogo, sikatai, ile foto inachekesha. Akampitisha. Mke wangu hakugeuka nyuma. Alitembea haraka, viatu mkononi, kama msichana.

Alisema atarudi Alhamisi. Alhamisi saa sita nikiwa pale nangoja, kizuizi kikafungwa.

Sitajifanya shujaa. Nilikaa juu ya jiwe, nawafikiria watoto niliowaacha kwa shangazi. Upande wa pili watu walijaa, mizigo kichwani, na mke wangu simuoni. Jua lilipoanza kulegea askari mmoja akatoka, akaita wenye karangamuntu wasogee mbele. Watu wakasukumana, na pale mbele kabisa nikaona kile kitenge cha posa. Yuko na mkono mmoja juu, umeshika kitambulisho. Mkono wa pili umemshika mwanamke mzee mwenye fimbo.

"We pita," askari akamwambia. "Muzee huyu hana karatasi, abaki."

Mke wangu akateremsha gunia, akamkalisha mama yake juu yake, akasimama mbele ya kizuizi.

"Mimi ni Mrundi," akasema. "Na huyu ndiye aliyenizaa. Mguu wake huu, tazama. Namuleta kwangu. Kama kuna karatasi ya kuandika, leta tuandike, mi najua kuandika."

Nyuma watu wanapiga kelele apite, wao pia wana safari. Askari akaita mukubwa wake, mukubwa akatazama ule mguu, akatazama ule uso, na nafikiri aliona siku ndefu mbele yake. Akawapeleka kwenye kibanda cha karani. Nami nikaruhusiwa kusogea, nikafika nahema, nikamsalimu mama mkwe kutoka mbali kidogo, kwa adabu, macho chini.

"Umenenepa," akaniambia. "Vizuri."

Karani akafungua daftari. Jina la mgeni, anatoka wapi, anakwenda mtaa gani.

"Na Mrundi anayempokea ni nani?"

Niliingiza mkono mfukoni haraka, miaka yote nilikuwa nangoja kuulizwa swali kama hilo na serikali. Nikaweka karangamuntu yangu juu ya meza. Mke wangu akaweka ya kwake juu ya yangu.

"Ni mama yangu," akasema. "Andika mimi."

Karani akachukua ya juu. Aliandika polepole, herufi kwa herufi, na mke wangu ameinama juu ya daftari anamsahihisha. Mimi nikarudisha ya kwangu mfukoni, nikanyanyua gunia la muhogo. Lilikuwa zito kweli, lakini mimi ni mtu wa nguvu, nikalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.